Kamera ya panorama ya baba mkubwa: piga roli moja kabla ya kutaja bei

Swali: Naishi Kondele, Kisumu. Baba mkubwa alikuwa mpiga picha wa studio na harusi miaka mingi. Sasa macho yamechoka, na ameniomba nimuuzie kamera yake ya panorama, Fuji G617, aliyoachiwa na mzungu mmoja miaka ya tisini badala ya deni. Fundi wa studio hapa mjini amenipa KSh 40,000. Anasema kioo cha mbele kimeingia weusi katikati, na kwamba filamu yake haipatikani tena. Mtu mwingine wa WhatsApp anadai yuko Kanada, atatuma dola 3,500 ila nimrudishie wakala wake wa usafirishaji dola 500. Nimuuzie nani, kwa bei gani? Na niisafishe kwanza?

Jibu: Dada, nianze na huo weusi, maana ndio ulioshusha bei, na ndio unaoonyesha kwamba huyo fundi ama haijui kamera hii kabisa, ama anaijua vizuri mno.

G617 ilitolewa na Fuji mwaka 1983. Inatumia filamu pana ya 120, na kila picha ina urefu wa karibu sentimita 17 kwa kimo cha karibu sentimita 6, ndiyo maana ya hiyo 617. Lenzi yake ni moja tu, Fujinon ya milimita 105, f/8 (namba ya f ni kipimo cha tundu la lenzi: ikiwa kubwa, tundu ni dogo), na haibadilishwi. Sasa lenzi ikitakiwa kufunika filamu ndefu kiasi hicho, mwanga unaokwenda pembeni husafiri mbali zaidi na kufika kwa mshazari, kwa hiyo picha hung'aa katikati na kufifia pande zote mbili. Dawa yake ni kioo kilichotiwa kijivu katikati, kijivu kinachopungua kidogo kidogo mpaka ukingoni kunabaki kioo kitupu. Kinazuia mwanga pale ulipozidi ili ulingane na ule wa pembeni. Huitwa filta ya katikati. Aliyezoea lenzi za kawaida akikitazama ataapa kimefukizwa moshi.

Jihakikishie mwenyewe. Kioo hicho kimefungwa kwa skrubu mbele ya lenzi. Kizungushe taratibu kwa mkono, kinyume cha mwendo wa saa. Kisipokubali, usitumie koleo, kiache. Kikitoka, kiweke juu ya karatasi nyeupe mchana. Kijivu kikiwa ni duara laini linalofifia sawasawa kila upande, hiyo ndiyo filta, na ni mali. Kamera nyingi za aina hii zilizoko sokoni zimepoteza filta zao, na filta peke yake huuzwa kwa mamia ya dola. Yaani kile ulichoambiwa ni kasoro, mnunuzi anayejua atakuuliza kama unacho kabla hata hajauliza bei. Yakiwa ni mabaka yasiyo na mpango, hapo tutazungumza mengine.

Kuhusu filamu, amesema nusu ya ukweli. Kamera hii hukubali aina mbili: 120, inayotoa picha 4 kwa roli, na 220, iliyokuwa ndefu mara mbili na kutoa picha 8. Hiyo 220 ndiyo iliyotoweka karibu madukani kote. Ya 120 bado inatengenezwa na Kodak, Ilford, Foma na wengine. Kodak waliianzisha mwaka 1901, mwaka uleule reli ilipofika Port Florence, ambayo leo ni Kisumu yenu, na haijawahi kukosekana tangu hapo. Kwamba huipati dukani Oginga Odinga Street si hoja. Mnunuzi wa kamera hii ni mtu ambaye tayari ana filamu kwenye friji yake.

Huyo wa Kanada ni tapeli. Hakuna mnunuzi halali anayelipa zaidi ya bei kisha akaomba chenji ipelekwe kwa mtu wa tatu. Mchezo wenyewe uko hivi: unaletewa barua pepe inayofanana na ya PayPal au ya benki, ikisema pesa zimeingia ila zimezuiwa mpaka umlipe wakala. Zako zinatoka kweli, zake hazikuwepo kamwe. Mfungie namba, usijibizane naye.

Tukirudi kwa kamera yenyewe, ielewe hivi: mtu anayetoa KSh 40,000 bila kujaribu chochote ananunua bahati nasibu. Huenda shata, kile kifaa kinachofunguka na kufunga kupitisha mwanga, imekwama, huenda lenzi ina kuvu, huenda mlango wa nyuma unavujisha mwanga. Mashaka yote hayo ameyakata kwenye bei yako. Ukiyaondoa wewe kwa ushahidi, hana tena pa kukatia. Kwa hiyo kazi yako ya wiki mbili zijazo ni kukusanya ushahidi. Kusafisha hakumo.

Na nasisitiza hapo kwenye kusafisha. Usiguse lenzi kwa spiriti, kwa pumzi ya mdomo wala kwa ile shali ya kufutia miwani. Vumbi la juu lipulize kwa kipulizio cha mpira, kisha brashi laini. Mikwaruzo ya mwili iache ilivyo. Kamera ya mtu aliyeitumia kazini ina haki ya kuwa na makovu, na wanunuzi wa vitu hivi hawaogopi rangi iliyobanduka. Wanachoogopa ni bisibisi ya mtu asiyejua. Skrubu yenye kichwa kilicholika inamwambia mnunuzi kwamba kuna mtu aliingia ndani, na hapo ataanza kujiuliza aliharibu nini.

Ukaguzi wa kwanza ni wa lenzi. Fungua mlango wa nyuma pasipo filamu, weka kipenyo f/8, yaani tundu likiwa wazi kabisa, weka shata kwenye B (hubaki wazi muda wote unapobonyeza) na uishikilie wazi, halafu mulika tochi ndogo kutoka mbele kwa mshazari huku ukitazama kutoka nyuma. Chembe chache za vumbi si kitu. Kila lenzi ya umri huo inazo. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba zinazotambaa kama utando wa buibui. Hiyo ni kuvu. Huku kwetu Nakuru adui wa kamera ni vumbi, lakini kwenu ni unyevu wa ziwa, na kamera iliyokaa miaka ndani ya mkoba wa ngozi kabatini imeishi mahali kuvu inapopapenda. Angalia pia kama kuna ukungu mweupe uliotanda, au mistari ya rangi za upinde wa mvua kuzunguka ukingo wa kioo, ambayo ni dalili kwamba gundi iliyounganisha vioo viwili imeanza kuachia. Ukikuta chochote kati ya hivyo, kipige picha kwa simu. Kitaingia kwenye tangazo.

Ikiwa shata inakataa kufyatuka pasipo filamu, usiilazimishe. Kamera nyingi za roli zimefungwa hivyo makusudi. Tafuta roli moja iliyoharibika au kuisha muda na uitoe kafara. Baba mkubwa hakosi moja kwenye droo.

Shata ya lenzi hii huanzia sekunde 1 hadi 1/500. Kasi za juu huwezi kuzipima kwa sikio, ila za chini unaweza, na ndizo zinazougua kwanza, kwa sababu mafuta ya zamani huganda kwenye vigurudumu vidogo vinavyochelewesha shata. Washa kinasa sauti cha simu, fyatua sekunde 1, kisha 1/2, kisha 1/4, mara tatu kila moja. Fungua rekodi kwenye programu inayoonyesha mawimbi ya sauti: utaona mlio wa kufunguka na mlio wa kufunga, na umbali kati yao ndio muda halisi. Sekunde 1 ikitoka 1.1, shukuru. Ikitoka 2, au ikikwama nusu njia ikiunguruma, shata inahitaji fundi wa kweli, na mafundi wa kweli wa shata hizi ni wachache mno Afrika Mashariki. Uza ukilisema hilo wazi, badala ya kutafuta wa kukisia.

Mengine ni ya haraka. Chuma kinacholinda lenzi kikiwa kimepinda, kamera iliwahi kuanguka. Sponji za kuziba mwanga mlangoni zikinata kama lami, zimekufa, ila si ghali kubadilisha. Mshale wa 120/220 uwe kwenye 120. Pimamaji ndogo ya juu bado ina maji? Basi.

Sasa roli ya majaribio, ambayo ndiyo moyo wa jibu hili. Agiza roli moja ya Ilford HP5 au Kodak Tri-X, zote ni nyeusi na nyeupe za ISO 400. Kisha mchukue mzee mwende naye. Macho yamechoka, sawa, lakini kamera hii haina namna ya kuona fokasi hata kwa kijana. Umbali hukadiriwa na kuwekwa kwenye pete ya lenzi, na mikono yake bado inajua filamu inavyopakiwa. Pakieni kivulini. Utajifunza kwake kwa nusu saa mambo ambayo mnunuzi atakuuliza: ilitumika kiasi gani, iliwahi kutengenezwa, ililowa.

Una picha 4 tu, kwa hiyo kila moja iwe na kazi. Pandeni Riat asubuhi, mahali mji na ghuba ya Winam vinapoonekana kwa pamoja, kamera ikiwa juu ya stendi. Picha ya kwanza: jua kali, filta ya katikati ikiwa mahali pake, pete kwenye alama ya mbali kabisa, f/22 kwa 1/125. Hesabu hiyo tayari imefidia takribani stopu moja, yaani nusu ya mwanga, ambayo filta hula. Picha ya pili: palepale, bila kusogeza stendi, toa filta, f/22 kwa 1/250. Zikiwekwa pamoja, hizi mbili ndizo zitakazouza filta yako, maana tofauti ya pembeni itaonekana hata kwa asiyejua kamera.

Picha ya tatu irudi mjini: ukuta wa matofali ulio kivulini huku anga likiwa wazi. Pima kwa futikamba mita 5 kutoka mgongo wa kamera hadi ukutani, weka pete kwenye 5, f/8 kwa 1/125, filta ikiwa imerudishwa. Kamera itazame ukuta moja kwa moja, isiinamie upande wowote. Mistari ya saruji itakuambia kama lenzi ni kali pande zote au upande mmoja umelegea, jambo linalotokea baada ya kuanguka. Picha ya nne ni ya jioni, baada ya jua kuzama: tumia programu ya simu ya kupima mwanga, ukiipa ISO 400 na f/22, na usubiri mpaka ikwambie sekunde 1. Filta ikiwa bado mbele, usingoje giza hilo: piga mapema kidogo, pale inapokwambia nusu sekunde, lakini shata uiweke sekunde 1. Dunga pana mashua na taa za mbali, patafaa.

Kuosha filamu Kisumu siku hizi ni shida. Itume Nairobi kama kifurushi cha basi, kwa maabara inayoosha nyeusi na nyeupe, ama umwombe mtu mwenye tangi la nyumbani. Lakini andika kwa herufi kubwa juu ya bahasha: USIKATE. Fundi wa maabara amezoea kukata roli ya 120 vipande vifupi ili iingie kwenye mikoba ya plastiki, na mkasi wake utapita katikati ya picha yako ya sentimita 17. Usihangaike pia na skana, kwa kuwa nyingi za maabara hazipokei fremu ndefu hivyo. Weka negativu juu ya kioo cha tableti au kompyuta kilichowashwa rangi nyeupe, au dirishani juu ya karatasi ya nailoni nyeupe, uipige kwa simu. Inatosha kwa tangazo. Negativu zenyewe zitunze. Zitaambatana na kamera.

Bei. Mtandaoni utaona bei za kila namna, na nyingi ni ndoto za wauzaji. Kwenye eBay kuna kichujio cha vitu vilivyokwisha kuuzwa. Tumia hicho tu, uangalie miezi michache iliyopita, na utenganishe zilizo na filta na zisizo nayo. Zile za wauzaji wa Japani zenye alama tano za kujumlisha mbele ya neno la hali zisikutie tamaa wala hofu. Kwao kila kitu ni bora sana, hadi usome mstari wa chini unaosema kuna kuvu kidogo. Kwa miaka ya karibuni G617 inayofanya kazi imekuwa ikiuzwa nje kwa zaidi ya dola 1,000, yaani zaidi ya KSh 129,000 kwa kiwango cha dola kuwa shilingi 129. Usijipime na GX617, ndugu yake ya mwaka 1993 yenye lenzi za kubadilisha. Hiyo huenda juu zaidi kwa mbali. Linhof Technorama ni ukoo mwingine kabisa. Na mtu akikulinganishia na Hasselblad XPan, mwambie ile ni ya filamu ndogo ya milimita 35.

Uiuze wapi? Kwa mtazamo wangu, ningekubali kupoteza theluthi ya bei ya nje ili niuze hapa nchini, uso kwa uso, kuliko kufungua akaunti changa ya mnada na kutuma kamera ya kilo mbili na zaidi ng'ambo. Akaunti isiyo na historia haiaminiwi, pesa hucheleweshwa, na mnunuzi wa PayPal ana siku 180 za kufungua malalamiko kwamba kitu si kama kilivyoelezwa. Siku 180 ni nyingi kwa mtu ambaye tayari amempa mzee pesa yake ya dawa. Nairobi kuna wapiga picha wa filamu, vijana wengi wao, na wapiga picha wa mandhari wanaofanya kazi na hoteli na mashirika ya uhifadhi. Tangazo lenye zile picha nne litawafikia. Wape muda, mwezi au miwili. Hii si simu ya mtumba, wanunuzi wake ni wachache na hawana haraka.

Ikiwa mna ndugu Uingereza au Marekani anayekuja likizo, hiyo ni njia ya pili, na pengine bora. Maduka kama MPB ya Brighton au KEH ya Atlanta hununua kamera zilizotumika moja kwa moja. Watakulipa chini ya bei ya rafu, maana na wao wanatafuta faida, ila watalipa. Aibebe kwenye mkoba wa mkononi, bila filamu ndani.

Ukilazimika kutuma kwa mnunuzi wa nje, tumia EMS ya Posta au DHL, yenye namba ya kufuatilia na bima ya thamani kamili. Usikubali kuandika ni zawadi ya dola 50 ili mnunuzi akwepe ushuru. Ikipotea utalipwa dola 50. Kwenye fomu andika kamera ya filamu iliyotumika, iliyotengenezwa Japani, kwa sababu forodha huuliza nchi ya asili, si ya mtumaji. Mnunuzi wa Marekani mwambie mapema kwamba msamaha wa mizigo iliyo chini ya dola 800 uliondolewa tangu 29 Agosti 2025, na wa Uingereza ajue kuna VAT ya asilimia 20. Ushuru ni wake, na kila mtu aujue kabla ya kulipa. Kwenye kufunga: shata iwe haijakokwa, masanduku mawili moja ndani ya lingine, vifuko vya kufyonza unyevu, na lenzi isibebe uzito wowote.

Mnunuzi wa hapa mkutane ukumbini mwa benki, si Kibuye sokoni wala barabarani. Aipime apendavyo, hata aje na roli yake. M-Pesa inapitisha hadi KSh 250,000 kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo inatosha, lakini usitazame meseji aliyokuonyesha wala ile iliyoingia kwako. Angalia salio lako mwenyewe kwa *334# ndipo uachilie kamba ya kamera. Andikeni karatasi mbili zenye namba ya kamera, tarehe, bei, namba za vitambulisho na maneno kwamba imeuzwa ilivyo baada ya kukaguliwa. Baba mkubwa atie sahihi yeye, kwa kuwa ni mali yake, wewe uwe shahidi.

Tangazo liwe fupi: G617, filta ya katikati ipo, kasi za chini zilizopimwa na matokeo yake, hali ya lenzi pamoja na kila kasoro uliyoona kwa tochi, picha nne za majaribio, mkoba na kijitabu cha maelezo kama bado vipo. Huyo fundi wa 40,000 mpelekee nakala yake pia. Akirudi na 100,000 mezani, sikiliza. Akirudi na hadithi ya weusi, mshukuru na uendelee kutafuta.